Pongezi kwa Maafisa wa Ofisi ya Utafiti

Mhadhiri kijana anayeandika andiko lake la kwanza la kuomba fedha za utafiti mara nyingi hukimbilia mfadhili mkubwa wa Ulaya au Marekani. Afisa mzoefu wa kurugenzi ya utafiti humwelekeza kwanza karibu: ruzuku ndogo za chuo chenyewe, au MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ni ushauri wa dhahabu. Ruzuku ndogo iliyotekelezwa vizuri na hesabu zake zikafungwa ndiyo ushahidi utakaomshawishi mfadhili mkubwa baadaye.

Lakini mimi nawavulia kofia maafisa hawa zaidi kwenye bajeti. Mtafiti huandika "safari za uwandani" na kuweka kiasi kimoja cha jumla. Afisa huuliza: gari la nani? Dereva atalipwa posho ya siku ngapi? Mvua za masika zikifunga barabara, je? Sampuli zitakaa kwenye friji gani umeme ukikatika? Na kama utafiti unahusu afya ya binadamu, je, umetenga muda wa kusubiri kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Maswali hayo huudhi saa tano usiku, tarehe ya mwisho ikiwa kesho, lakini huokoa mradi mzima.

Majina yao hayamo kwenye makala za majarida. Watafiti tuwaandike, angalau kwenye shukrani.