Matuta na Mifereji ya Unyayo

Kidoti cha shavuni kila mtu hukisifia. Cha unyayoni hakina wa kukitazama, mpaka siku mtu anakunja mguu apake mafuta, ndipo moyo unamlipuka. Kwetu weusi hofu hiyo ina msingi: melanoma, saratani ya seli za rangi, ikitupata hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Nilimwona daktari wa ngozi akiushika unyayo wa mama mmoja. Aliufuta vumbi, akadondosha jeli, akaweka dermatoskopu, kile kioo chenye taa kinachokuza mara 10, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Alipomaliza aliomba ruhusa kwa mama, akanipisha nichungulie.

Lilikuwa shamba lililolimwa. Matuta na mifereji imekwenda sambamba, na juu ya matuta vitundu vya jasho vimejipanga vyeupe kama shanga kwenye uzi. Rangi ya kahawia ilikuwa imelala ndani ya mifereji, mistari myembamba iliyotulia. Ikilala hapo, kwa kawaida kidoti hakina neno. Ikitanda juu ya matuta, daktari hukata kipande kikapimwe. Ujuzi huu tunawiwa na madaktari wa Japani, Toshiaki Saida na wenzake, walioyachungulia matuta hayo mpaka yakawaeleza siri.

"Hiki ni kidoti tu, mama," alisema. "Kipige picha. Kikibadilika, rudi."

Kinachokatwa huenda maabara, na huko nako kuna mikono ya kuheshimiwa. Kipande hulowekwa kwenye formalini, huzamishwa katika nta, kisha fundi hukikata utepe wa mikroni 4 hivi. Utepe huo huelea juu ya maji ya vuguvugu, naye huuvua kwa kipande cha kioo bila kuacha kunjo hata moja. Hematoksilini huvipa viini rangi ya zambarau, eosini hupaka vilivyobaki waridi.

Swali la kwanza la mwanapatholojia, daktari anayeusoma utepe huo kwa darubini, ni la makazi: seli za rangi zinaishi wapi? Zikiwa vikundi vikundi pale ngozi ya juu inapokutana na ya ndani, hicho ni kidoti cha mpakani, ambacho huwa bapa na cheusi. Zikiwapo mpakani na chini pia, ni cha mchanganyiko. Zikiwa chini tu, ni cha ndani: kimeinuka, laini, rangi imefifia, pengine kimeota nywele. Vile vijipele vyeusi vinavyotapakaa mashavuni kadiri umri unavyosogea wengi huviita vidoti, lakini darubini huviweka fungu jingine kabisa.

Ninachokipenda zaidi ni swali la pili. Katika kidoti kisicho na madhara, seli za juu ni kubwa, zimebeba rangi. Kadiri zinavyoshuka huwa ndogo, hutulia, huachana moja moja. Wanapatholojia huuita mwendo huo kukomaa. Za melanoma mara nyingi hufika chini zikiwa kubwa vilevile, na nyingine bado zinagawanyika.

Ndiyo maana mwanapatholojia niliyekaa naye hakuandika chochote baada ya kuipitia slaidi mara moja. Aliirudisha juu, akaanza kushuka nayo tena, polepole.