Waliulizia Nyama, Hawakumwulizia Mtu

Mwaka 1906, mwaka ule ule ilipoundwa Union Minière ya kuchimba shaba ya Katanga, Mmarekani Upton Sinclair alitoa kitabu The Jungle. Jurgis, kijana wa Lithuania, avuka bahari pamoja na jamaa zake, akitumaini utajiri. Apata kazi katika machinjio ya Chicago. Kila shida ikija, yeye huahidi kuongeza bidii. Lakini aumia mguu, mshahara wakatika. Nyumba waliyouziwa kwa hila yapotea. Mke wake Ona afa katika uzazi.

Twakisifu kitabu hiki, maana chaonyesha wazi kwamba si uvivu uliomwangusha mtu huyu. Kasoro yake iko mwishoni: hotuba za siasa zajaza kurasa, na Jurgis mwenyewe hatumwoni tena. Wasomaji nao walimsahau. Waliogopa uchafu wa nyama, na sheria ya kuikagua ikatoka mwaka ule ule. Mchinjaji hakutungiwa yake.

Sisi wa Likasi tusiwacheke. Miaka ya 1920 watu waliletwa huku kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, kila mmoja na tumaini lake. Desemba 1941 wafanyakazi wa hapa waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wengine walipigwa risasi, wakafa. Tani za shaba ziliandikwa vitabuni. Majina ya watu hao, nani ayajua? Tuwaulize wazee waliosimuliwa na baba zao, kabla nao hawajatutoka.