Kununua Sifa ya Mwenzio

Mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, alinijia mzazi mmoja hapa Mwese, simu mkononi na uso umekunjamana. Nilimkaribisha kitako, hakuketi. Akasema, "Maalim, mwanangu aniambia anwani hii umempa wewe." Nikaitazama ile simu. Juu palikuwa na jina ninalolijua sana, jina la tovuti ya masomo ya tajwidi ambayo miaka kadhaa nyuma niliiandika ubaoni, na watoto wakainakili katika madaftari yao. Rangi ilikuwa ile ile ya kijani. Lakini chini ya jina palikuwa na mchezo wa kamari, gurudumu lazunguka, na mahali pa kutia nambari ya simu. Lililonichoma zaidi ni kwamba chini kabisa, baada ya kamari ile, waliliacha somo moja la zamani la makhariji ya herufi, kama mtu atandikaye msala mlangoni ili wapitao wadhani ndani mnasaliwa.

Siku ile sikuwa na la kumjibu yule bwana. Mimi ni mtu wa pwani, nimeletwa huku Katavi na kazi ya kusomesha, na katika mahali padogo pa milimani kama hapa mwalimu hana mali nyingine ila neno lake. Nilidhani wenye tovuti wamegeuka, wakaiacha kheri wakashika kamari. Nikawadhania vibaya, na kwa hilo namwomba Mola anisamehe, maana hawakuwa wao. Wao walikwisha ondoka zamani. Aliyekuwamo ndani ni mtu mwingine, aliyenunua jina lao.

Khabari hii nilielezwa na mwana wa ndugu yangu aliye Dar es Salaam, kijana wa kompyuta. Tena alinieleza kwa furaha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifikiri kuingia katika biashara hiyo. Nitaieleza kama alivyonieleza, na kama nilivyoihakikisha baadaye, kisha nitasema nionavyo.

Jina la tovuti, ambalo wataalamu wetu huliita kikoa, halinunuliwi milele, hukodiwa. Mwenye nalo hulipa kila mwaka. Kwa majina ya kawaida yaishiayo na .com malipo hayo mara nyingi hayazidi dola 20, na mtu aweza kulipia hata miaka 10 kwa mara moja. Akisahau kulipa, au akifa, au taasisi yake ikavunjika, jina haliondoki siku ile ile. Msajili aweza kulishikilia mpaka siku 45, kisha huwa na siku 30 za kulikomboa kwa kulipa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, ndipo huachiwa yeyote alitakaye. Lakini majina yenye thamani mara nyingi hayafiki huko. Hupelekwa mnadani kabla, na hapo hugombewa na watu wasiowajua wenyewe wa kwanza, wala hawana haja ya kuwajua.

Wagombea nini? Si herufi za jina. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walitoa maelezo ya namna ya kuzipima kurasa za mtandao: ukurasa hupewa uzito kwa kutazamwa kurasa nyingine ngapi zauelekea, na hizo nazo zina uzito gani. Katika fikra hiyo ndimo ilimotoka Google. Leo vipimo ni vingi zaidi, lakini viungo vingali vyahesabiwa. Basi mtu atiaye katika ukurasa wake kiungo cha kwenda kwa mwenziwe, ni kama amesimama akashuhudia: huyu namjua, nendeni kwake. Taasisi ikikaa miaka 10 ikifanya kazi njema, chuo huishuhudia, gazeti huishuhudia, wizara huishuhudia. Siku jina lake linapoanguka, ushahidi ule wote husimama pale pale, maana walioshuhudia hawana khabari kwamba mshuhudiwa ameondoka.

Hicho ndicho kinunuliwacho. Yapo makampuni, kama Moz na Ahrefs, yatiayo kila jina alama isiyozidi 100 ili kukisia nguvu yake, na wanunuzi huzitazama alama hizo kama mnunuzi wa ng'ombe atazamavyo meno. Akisha kulipata, mmoja hulifufua kwa sura yake ya zamani, kwani nakala za kurasa nyingi zilizokufa zimewekwa katika hazina ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Mwingine huligeuza kuwa mlango tu: wabisha hapa, wajikuta umesimama dukani kwake. Na yuko akusanyaye majina kwa makumi, akayafanya yashuhudiane yenyewe kwa yenyewe, kisha akauza ushahidi huo kwa yeyote mwenye pesa.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya Ulaya. Mwese ilipokea wakimbizi wa Rwanda katika miaka ya 1960, na jirani zetu wa Katumba na Mishamo walipokea wa Burundi katika miaka ya 1970. Nchi hii imezoea mashirika. Huja, huchimba visima, hujenga zahanati, hufundisha, kisha mradi humalizika na bango hubaki kando ya njia likiliwa na kutu. Bango lenye kutu halimdanganyi mtu. Lakini mashirika ya siku hizi hufungua tovuti pamoja na bango, na fedha zikiisha hapana wa kulipa zile dola za kila mwaka. Jina la mtandaoni halishiki kutu. Huonekana jipya siku zote, nani yumo ndani hujui mpaka umekwisha kuingia.

Huko Marekani kulikuwa na jarida la mtandaoni liitwalo The Hairpin, lililoanzishwa mwaka 2010 na kujulikana kwa maandishi ya wanawake, likafungwa mwaka 2018. Mwanzoni mwa 2024 jarida la WIRED lilieleza kwamba jina lile limenunuliwa na mfanyabiashara wa Serbia, naye amelijaza makala zilizotungwa na mashine. Makala kadhaa za zamani aliziacha, lakini majina ya wanawake walioziandika yaliondolewa, yakatiwa majina ya wanaume. Mwenyewe alisema anazo tovuti zaidi ya 2,000. Sisi tuliolelewa katika kusema "nimepokea kwa fulani, naye kwa fulani," tukakatazwa hata kuruka jina moja katika isnadi, twajua hilo laitwaje.

Sasa nirudi kwa kijana wangu, maana hoja zake hazikuwa za kipumbavu, wala sipendi wazee wenzangu wanaokemea jambo kabla ya kulielewa.

Aliniambia, "Ami, wenyewe wamelitupa. Mimi nimeokota tu." Hapa ana haki zaidi kuliko alivyodhani. Kwa maoni yangu, jina lililokwisha muda wake si hata kiokotwa, ambacho sharia yataka kitangazwe mwaka mzima. Ni nyumba ya kukodi iliyokwisha mkataba. Mpangaji ametoka, mwenye nyumba apangisha mwingine, na hapana aliyedhulumiwa. Mtu akilichukua jina zuri lililoachwa, akaanza kazi yake mwenyewe kwa uso wake mwenyewe, sioni la kumzuia.

Akapata nguvu. "Na mbona duka huuzwa pamoja na jina lake, na masheikh hamkatazi?" Kweli hatukatazi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988, liliamua kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni haki za mwenyewe, zina thamani ya mali, na yafaa kuziuza. Kijana alifurahi sana kusikia hivyo. Nikamwambia aisome mpaka mwisho, kwani baraza lile liliweka sharti: kusiwe na gharari, wala tadlisi, wala ghushi.

Chukua duka la halwa, ndugu msomaji, katika mtaa wowote wa pwani uupendao. Mzee mwenye duka akitaka kuhama, akamwuzia mwingine duka na jina, humpa na sufuria, na wapishi, na kipimo cha samli na hiliki. Na mtaa mzima hujua kwamba fulani amemwuzia fulani. Halwa ikiharibika, watu hujua wa kumlaumu. Lakini mzee akihama bila ya kuuza kitu, kisha mgeni akakodi chumba kitupu kwa mwenye nyumba, akakuta kibao cha zamani kingali juu ya mlango, akakiacha makusudi na kupika uji wa sukari akauita halwa, je, huyu amenunua jina kwa nani? Mwenye nyumba alikuwa na chumba, hakuwa na sifa ya halwa. Ndivyo alivyo msajili wa majina. Anayo orodha, na kilichomo orodhani aweza kukikodisha. Ile sifa haikupata kuwa yake hata siku moja, basi ameiuza vipi?

Nilimkumbusha na jambo alilolisoma kwangu utotoni akalisahau. Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza kumwacha ngamia au kondoo siku kadhaa bila ya kumkama ili kiwele kivimbe na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyehadaika hivyo akapewa siku tatu za khiari: akitaka atamweka, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Wala muuzaji yule hakusema uongo kwa ulimi wake; kiwele ndicho kilichosema. Tena maziwa yale, hata yakiwa machache, ni ya mnyama yule yule. Hawa wa leo wamekitwaa kiwele cha mnyama aliyekufa wakamfunga nacho mwingine asiye na maziwa kabisa, na atafutaye jambo katika simu yake hana siku tatu wala hana wa kumrudishia.

Mwezi Machi 2024 Google yenyewe ilitangaza kwamba kununua majina yaliyokwisha muda kwa nia ya kupandisha vitu visivyo na maana katika utafutaji ni udanganyifu, na kwamba kurasa za namna hiyo zitashushwa au kuondolewa. Walitoa mifano: kamari katika tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi, dawa za biashara penye jina la taasisi ya kheri ya matibabu. Kisha wakasema kwamba alichukuaye jina la zamani akajenga juu yake kitu kipya cha kweli hana kosa. Nilipoisoma kanuni hiyo nilicheka peke yangu, kuona wafanyabiashara wa California wamezunguka dunia nzima wakaja kuketi pale walipoketi mafakihi. Lakini kanuni yao ni ya kulinda mtambo wao. Aliyehadaika kabla jina halijashushwa hawana la kumlipa.

Hoja ya mwisho ya kijana ilikuwa kwamba msomaji hadhuriki, akiona kamari atatoka. Hapo nilikasirika kidogo. Mtoto wa yule mzazi alikuwa na miaka 11. Hakuona kamari akatoka. Aliona mahali alipoelekezwa na mwalimu wake akaingia, akatia nambari ya simu ya baba yake kama alivyoambiwa. Na mimi je? Ushahidi ulionunuliwa mnadani ulikuwa na wangu ndani yake. Niliwashuhudia watu fulani, ushahidi wangu ukahamishiwa kwa mtu mwingine bila ya kuulizwa, na katika macho ya mzazi yule nikawa nimeshuhudia kamari.

Sisi nasi tuna kosa. Madrasa zetu na misikiti yetu, bara na pwani, hufunguliwa tovuti na kijana mmoja mwenye bidii, kwa barua pepe yake na neno lake la siri. Kijana huenda Maskati kutafuta maisha, ilani ya kulipa humfuata huko asiisome, na kamati haijui hata imesajiliwa kwa nani. Jina lisajiliwe kwa taasisi, lilipiwe miaka mingi kwa pamoja, na neno la siri liwe kwa watu zaidi ya mmoja, kama funguo za sanduku la wakfu. Na taasisi ikifungwa, iendelee kulilipia jina hata likiwa tupu, na iwaandikie waliotia viungo wawaondolee. Nafuu hizo dola kuliko aibu.

Kijana hakukubali yote. Baada ya wiki mbili alinipigia simu akasema, "Ami, nimepata jina moja zuri. Nitalifanyia kazi yangu mpya, na juu kabisa nitaandika kwamba wenye nalo wa kwanza wameondoka na sisi si wao. Hapo vipi?"

Nikamwambia, "Hapo halali yako, Mungu akubarikie."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Lakini Ami, nikiandika hivyo sifa yote itaondoka. Nitakuwa nimenunua nini?"

Sikumjibu, na yeye hakungoja jibu. Sijui alilinunua au hakulinunua.

Mimi nilikwenda kwa yule mzazi nikamweleza mbele ya mwanawe. Kisha nikayakusanya madaftari ya darasa, moja baada ya moja, nikaikata ile anwani kwa wino mwekundu. Yalikuwa 43. Madaftari ya wale waliokwisha maliza, waliotawanyika Mpanda na Kigoma na kwingineko, anwani ile ingali imo ndani yake, kwa mwandiko walionakili kutoka ubaoni kwangu.