Istilahi "Mtandao" katika Mizani ya Goma

Neno mtandao limepokewa vizuri katika Kiswahili sanifu hata wahakiki wa istilahi hawaligusi tena. Asili yake, kitenzi tanda, ni wazi. Halina ukakasi wa tarakilishi, ambalo mwanafunzi hana budi kuelezwa limeundwaje. Hata hivyo, darasani linapwaya. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya ofisini ni mtandao. Minara ya simu ni mtandao. Intaneti, yaani muungano wa mitandao yote hiyo, nayo ni mtandao.

Msemaji wa Goma, ambaye Kiswahili chake kimekopa sana kutoka Kifaransa, hutenga mambo hayo. Rezo ni mawimbi ya simu yanayomfikia. Koneksio ni njia ya kufikia intaneti. Serikali ya Kongo ilipoagiza intaneti ikatwe tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, simu za sauti ziliendelea kupita. Kwa siku 20 hivi, "rezo iko, koneksio haiko" ilikuwa kauli yenye maana kamili. Tukiisanifisha tunapata "mtandao upo, mtandao haupo". Raia anayetaka kueleza kwa usahihi alichonyimwa hapati msaada katika istilahi zetu.

Kifurushi nacho kina kasoro. Data haisafiri ikiwa nzima: hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikibeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, ruta huvielekeza, pengine kwa njia tofauti, navyo hupangwa upya vinapofika. Msingi wa kanuni hizo uliwekwa na Vinton Cerf na Robert Kahn, na ARPANET ya Marekani ikazipokea rasmi tarehe 1 Januari 1983. Kuziita itifaki kunafaa sana, kwani ni mapatano hasa. Lakini vipande vile vikiitwa vifurushi, mwanafunzi wa Dar es Salaam atafikiria salio la simu yake. Pakiti ni afadhali. (Goma hawana shida hiyo: wanachonunua wao ni mega.)

Hatudai kwamba rezo liingizwe kamusini, ingawa kufanya hivyo si dhambi. Tunachopendekeza ni kwamba vitabu vya kufundishia viache kuiita intaneti mtandao, na muunganisho litumike kwa maana ya koneksio. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Istilahi zetu bado hutungwa kana kwamba wasemaji wake wanaishia Ziwa Tanganyika.