Matumbawe ya Mikono

Barabara itokayo Bunia, jimboni Ituri, hupita Bogoro, kisha huteremka hadi Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Huko kuna tilapia na sangara. Matumbawe hayapo, maana hutaka maji ya chumvi. Na hata chumvi ikipatikana, matumbawe hai hudai taa kali, pampu isiyopumzika na joto lisiloyumba. Umeme wa kwetu hauwezi kuahidi hayo. Anayetamani bahari sebuleni Bogoro hana budi kuiumba kwa mikono. Nami naisifu kazi hiyo kama ninavyomsifu mchonga vinyago.

Mabingwa wakuu wa kazi hiyo walikuwa Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi vioo wa Dresden, Ujerumani. Mwaka 1853 Leopold alikuwa njiani kwenda Marekani. Upepo ukatulia, jahazi likakwama, naye akakesha akiwatazama yavuyavu waking'aa usiku majini. Miaka 10 baadaye makumbusho ya Dresden yakamwagiza anemone za kioo. Makumbusho yalikuwa na shida ya kweli: kombe hupangwa kabatini likabaki vilevile, bali anemone akitiwa katika spiriti hupauka na kunywea. Leopold aliketi mbele ya taa, akachochea moto kwa mvukuto wa mguu, akavuta kioo kilicholainika hadi kikawa minyiri myembamba, akaiunga kwa gundi na waya, akaipaka rangi. Mwanzoni aliiga michoro ya vitabuni. Baadaye baba na mwana walifuga viumbe wa bahari nyumbani, wawaone wakitanuka na kujikunja. Naamini subira hiyo ya kutazama ndiyo iliyovipa vioo vyao uhai. Mwaka 1885 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilinunua vielelezo 570.

Vioo vyao vilikaa kabatini. Fundi wa mapambo ya tangi ana sharti zito zaidi: pambo lake litakaa na samaki. Siku hizi hutumia silikoni, kwa kuwa ni laini na minyiri yake hutikisika maji yakipita. Lakini ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu huua samaki, na hata iliyo salama lazima ikauke kabisa. Mawe ya chokaa huyafanya maji kuwa magumu: samaki wa Ziwa Tanganyika huyafurahia, wengine huteseka. Tilapia dume huchimba mchanga atengeneze kiota, basi pambo zito likalie sakafu ya tangi, lisimwangukie. Pango liwe na milango miwili, mnyonge akifukuzwa apate pa kutokea. Ncha kali zisuguliwe zote. Mtu asiyejua tabia za samaki hawezi kazi hii, hata awe na vidole vya dhahabu.

Mafundi wa Ituri wangeweza pia kutuumbia ziwa letu: mizizi ya mafunjo, konokono wa mwambao, mawe yenye ukoga, na mchanga wa kweli ambao tilapia atauchimba apendavyo. Tangi kama hilo lingefaa shule yoyote ya Bogoro.