Tangi la Maji na Lahajedwali: Utafutaji wa Bidhaa Mtandaoni kama Njia ya Kufundishia Tarakilishi Olkaria

Kozi ya msingi ya tarakilishi, ambayo vijana wa Nakuru na Naivasha huiita pakeji, imezoeleka kufundishwa programu moja baada ya nyingine: kwanza uchakataji wa maneno, kisha lahajedwali, kisha hifadhidata na slaidi, na intaneti ikaachwa mwishoni kana kwamba ni burudani ya kufungia muhula. Utaratibu huo ulikuwa na sababu yake. Katika miaka ya 1990, vyuo vya Kenya vilipofundisha WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, tarakilishi nyingi za madarasani hazikuwa zimeunganishwa na mtandao wowote, na hata intaneti ilipoanza kuenea, mawasiliano yalipitia setilaiti kwa gharama ambayo chuo kidogo hakingeimudu. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, kikwazo hicho kilianza kuondoka, lakini mpangilio wa masomo ukabaki ulivyokuwa. Uchambuzi huu unatazama mpangilio ulio kinyume chake, ambapo mwanafunzi hupewa kazi moja tu, nayo ni kutafuta bidhaa mtandaoni kwa ajili ya hitaji halisi, na kila programu huingia pale kazi yenyewe inapoihitaji.

Olkaria, karibu na Naivasha, ni mahali panapofaa kuipimia njia hii, kwa kuwa huko ustadi wa kulinganisha bidhaa na bei zake ni sehemu ya uchumi wa kila siku. Tangu mitambo mitatu ya kwanza ya mvuke, kila mmoja wa megawati 15, ilipowashwa kati ya 1981 na 1985, eneo hili limekua hadi kuwa kitovu cha umeme wa jotoardhi barani Afrika. Kituo cha Olkaria IV pekee, chenye megawati 140, kilizinduliwa mwaka 2014, mwaka ambao familia za Wamaasai waliokuwa wakiishi karibu nacho zilihamishiwa makazi mapya ya RAPland. KenGen, inayomiliki vituo vingi vya hapo, ni kampuni ambayo serikali ina hisa nyingi zaidi, hivyo ununuzi wake hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Sheria hiyo inataka ombi la bei, yaani barua ya kuwaomba wauzaji wataje bei ya bidhaa fulani, lipelekwe kwa wauzaji wasiopungua watatu. Mpango wa AGPO, ulioanza 2013, nao unatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana wa makazi ya Kamere au RAPland anayetaka kuwa miongoni mwa hao watatu hana budi kujua bei ya bidhaa kabla ya kutaja yake, na kuiandika katika jedwali ambalo afisa wa ununuzi atalielewa. Mwezi Mei 2024 kampuni za teknolojia za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data hapohapo Olkaria kwa kutumia umeme wa mvuke. Hata mradi wa ukubwa huo ukikamilika, ajira nyingi zilizo karibu na mkazi wa kawaida zitakuwa za stoo, za ugavi na za ukarani, ambazo zote zinaanzia kwenye jedwali la bei.

Bidhaa inayochaguliwa hapa kuwa mfano ni tangi la plastiki la kuvunia maji ya mvua. Kazi huanza kwa swali, kabla ya kivinjari kufunguliwa: nyumba inahitaji tangi la ukubwa gani? Bonde la Naivasha hupata mvua ya wastani wa kati ya milimita 600 na 700 kwa mwaka, na milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 40 za mraba, kwa mvua ya milimita 650, hupokea lita 26,000 kwa mwaka; ikichukuliwa kwamba asilimia 80 ndiyo inayofika tangini, baada ya kutoa inayoruka, inayovuja na ile ya kwanza inayosafisha vumbi, zinasalia lita 20,800. Mvua hiyo hainyeshi sawasawa mwaka mzima, bali hukusanyika zaidi kati ya Machi na Mei, na tena karibu na Novemba, kwa hivyo linaloamua ukubwa wa tangi ni urefu wa kiangazi. Nyumba inayotumia lita 60 kwa siku itamaliza tangi la lita 2,500 kwa takriban siku 42, na la lita 5,000 kwa siku 83. Hesabu hizi nne ndizo somo la kwanza la fomula, yaani maelezo yanayoanza kwa alama ya usawa na kuiambia programu izidishe au igawanye yaliyomo katika seli fulani, na mwanafunzi hujifunza fomula hapo kwa sababu anataka jibu.

Utafutaji wenyewe hauhitaji maelezo marefu, ila mambo mawili hupuuzwa mno. La kwanza ni tofauti kati ya aina za tovuti. Soko la mtandaoni kama Jumia au Kilimall hukusanya wauzaji wengi chini ya paa moja. Jiji, iliyochukua shughuli za OLX nchini Kenya mwaka 2019, hubeba matangazo ya watu na maduka yanayouza moja kwa moja. Nayo tovuti ya mtengenezaji, kama Roto au Kentainers, hutaja vipimo, lakini si lazima itaje bei itakayodaiwa na duka la Naivasha. Vipimo vichukuliwe kwa mtengenezaji, bei ichukuliwe kwa muuzaji, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ithibitishwe kwa kutuma nambari ya kibali chake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, badala ya kuaminiwa kwa kuwa inaonekana pichani. Jambo la pili ni kumbukumbu: kila bei inayonakiliwa iandikwe pamoja na anwani ya ukurasa na tarehe, kwa sababu bei ya mtandaoni inaweza kubadilika kwa usiku mmoja, na bei isiyo na tarehe haiwezi kutetewa mbele ya mtu yeyote.

Uzito wa somo uko kwenye lahajedwali. Wazo ambalo Dan Bricklin na Bob Frankston walilipa umbo la programu mwaka 1979, katika VisiCalc, lilikuwa kwamba karatasi ya hesabu yenye mistari na safu ingeweza kujikokotoa upya kila namba moja inapobadilika. Asiyeonyeshwa tukio hilo huishia kuitumia lahajedwali kama daftari lenye mistari mizuri. Kosa la kwanza la wanafunzi wengi huzaliwa kwenye kunakili. Ukurasa wa duka huandika KSh 23,500, mwanafunzi hunakili maneno hayo yote na kuyabandika, na programu huyapokea kama maandishi kwa sababu ya herufi zilizotangulia. Dalili yake ni ndogo lakini haifichiki: maandishi huegemea upande wa kushoto wa seli, namba huegemea kulia. Akiomba jumla ya safu ya namna hiyo, programu humpa sifuri, kwa kuwa hakuna namba hata moja iliyopatikana. Akiomba wastani, hupata ujumbe wa kosa la kugawanya kwa sifuri. Dawa ni kuandika namba tupu katika seli, kisha kuipa seli muundo wa sarafu, ili neno KSh liwe vazi la namba lisiwe sehemu yake. Vivyo hivyo kwa lita: 2500 huandikwa peke yake, na kipimo kikawekwa kwenye kichwa cha safu.

Baada ya hapo huja suala la kodi, ambalo ndilo hutenganisha jedwali la darasani na jedwali linaloweza kufanya kazi ofisini. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya, yaani VAT, ni asilimia 16 kwa bidhaa nyingi. Bei ya tovuti ya rejareja kwa kawaida huwa imeijumuisha, ilhali muuzaji wa jumla huenda akataja bei bila kodi. Jedwali lisilozingatia hilo hulinganisha vitu visivyolingana. Kiwango cha kodi huandikwa mara moja tu, tuseme katika seli B1, na fomula za safu nzima hukirejelea kwa $B$1. Alama hizo mbili za dola huifunga seli, ili fomula inaponakiliwa kwenda chini isije ikahamia B2, kisha B3, ambako hakuna kitu. Safu moja zaidi hujibu kwa ndiyo au hapana iwapo kodi imo katika bei, na fomula =IF(D5="hapana",C5*(1+$B$1),C5) huiongeza pale tu inapokosekana. Mwanafunzi aliyeandika fomula hiyo moja akielewa kila kipande chake amepata zaidi ya yule aliyekariri menyu zote za programu, na mwalimu anayebanwa na muda afadhali aziache slaidi kuliko kuiruka hatua hii.

Kisha kuna usafiri, ambao kwa Olkaria si jambo la pembeni. Tangi tupu ni jepesi lakini ni kubwa. Halibebeki kwa bodaboda, na linalofikishwa bure katika kituo cha mizigo mjini Naivasha bado linahitaji pikapu kupita Barabara ya Moi South Lake hadi mlangoni kwa mnunuzi. Bei tatu zilizobuniwa kwa ajili ya kuonyesha hesabu zinatosha kudhihirisha athari yake. Duka la Nakuru linataja shilingi 21,000 bila kodi kwa tangi la lita 2,500, na usafiri wa 3,500. Kodi ikiongezwa bei ni 24,360, na jumla ni 27,860, yaani shilingi 11.14 kwa lita. Muuzaji wa mtandaoni anataja 23,500 pamoja na kodi kwa tangi la ukubwa uleule, na pikapu ya kutoka Naivasha ni 4,000. Jumla ni 27,500, sawa na shilingi 11 kwa lita. Wa tatu anauza la lita 5,000 kwa 42,000 pamoja na kodi, usafiri 4,500, jumla 46,500, sawa na shilingi 9.30 kwa lita. Bei ya chini kabisa kwenye safu ya kwanza ndiyo iliyo ghali kuliko zote kwa kila lita, na hakuna jicho ambalo lingeligundua hilo kwa kutazama kurasa za wauzaji pekee.

Jedwali likishakamilika hupangwa kuanzia bei ndogo ya lita hadi kubwa, na hapo pana mtego mwingine. Anayeteua safu moja tu na kuipanga anaweza kuzihamisha bei zikaachana na majina ya wauzaji wake, na jedwali huendelea kuonekana safi ilhali kila mstari umekuwa uongo. Eneo lote la jedwali liteuliwe kwanza, vichwa vya safu vikiwemo.

Programu ya uchakataji wa maneno huingia mwishoni, kwa barua ya ukurasa mmoja inayotaja hitaji, chaguo tatu, pendekezo na sababu yake, huku jedwali likinakiliwa kutoka lahajedwali badala ya kuchapwa upya kwa mkono, kwani kuchapa upya ndiko kunakozaa tofauti kati ya barua na hesabu. Kwa upande wa vifaa, LibreOffice, ambayo haina ada, hufanya yote yaliyoelezwa hapa kwenye tarakilishi ya mitumba; tena mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, kifurushi cha ofisi chenye menyu za Kiswahili, hivyo hoja kwamba lugha ndiyo inayowazuia wanafunzi imekuwa na jibu kwa muda mrefu. Simu inatosha kwa kutafuta na kupiga picha za kurasa, lakini kioo chake huonyesha safu chache kwa wakati mmoja, na anayejenga jedwali la safu nane juu yake hupoteza mahali alipo.

Namna ya kusahihisha kazi hii ndiyo inayoamua kama itafundisha chochote. Karatasi ya vitendo ya somo la Tarakilishi katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, humtaka mtahiniwa achape karatasini alichokitengeneza, na vyuo vingi vimeiga desturi hiyo, ingawa jedwali lililochapwa halionyeshi kama 27,860 ilikokotolewa na fomula au iliandikwa kutoka kwenye kikokotoo cha simu. Msahihishaji wa kazi ya tangi anapaswa kulifungua faili lenyewe, abonyeze Ctrl pamoja na kitufe chenye alama ya ` ili fomula zijitokeze ndani ya seli, azisome, kisha abadilishe gharama moja ya pikapu na kutazama kama bei ya lita na pendekezo vinabadilika nayo, kabla hajagusa barua wala kuhesabu makosa ya tahajia.