Kovu sawa, Upendi hapana

The Lion King II: Simba's Pride ilitoka mwaka 1998. Hapa Marekani ilikwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, na sehemu kubwa ilichorwa Sydney, Australia. Majina yalichaguliwa kwa akili: Kovu ndiye mrithi wa Scar, jina lenye maana ileile kwa Kiingereza. Na Nuka, maskini, tunacheka kila akitajwa. Lakini katika wimbo wa Rafiki, mahali pa mapenzi panaitwa "Upendi". Upendo umeharibiwa kwa herufi moja! Ongeza h, imekuwa "hupendi". Sisi wahandisi boliti moja ikikosewa tunarudia kazi. Watoto wetu wa Dallas na Houston wanaimba hivyo hivyo. Tukiwasahihisha, wanatuonyesha televisheni: Rafiki kasema.